Nani alishika kamera mwezini, na kwa nini picha ya mwaka 1969 ilikuwa na ukungu?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Tanga. Nimeona kwenye simu video ya Neil Armstrong akishuka ngazi na kukanyaga mwezi kwa mara ya kwanza. Nilipomwonyesha baba yangu mkubwa, alisema huo ni mchezo wa kuigiza. Aliuliza nani alikuwa nje ameshika kamera ikiwa Armstrong ndiye aliyetangulia. Iweje picha ifike moja kwa moja kutoka mwezini mwaka 1969. Kwa nini ni mbaya namna ile ilhali picha za mnato za safari hiyo hiyo zinang'aa. Na kwa nini NASA wenyewe wanakiri kwamba kanda za asili hazipo. Aliongeza la kuondoka: kuna video inayoonyesha chombo kikiruka kutoka mwezini, je, aliyepiga aliachwa huko? Naomba mtaalamu anifafanulie.

Jibu: Mwanangu, hayo aliyouliza baba yako mkubwa ni maswali ya mtu anayetazama kwa makini, na wengi wanaojibu maswali kama hayo huishia kumbeza muulizaji badala ya kumweleza mitambo ilivyofanya kazi. Nimetumia maisha yangu ya kazi kwenye mitambo ya kurushia matangazo, nami nitakujibu kwa upande huo. Jambo moja ukilishika, mengine mengi yatafunguka: picha ambayo dunia iliiona siku ile siyo picha iliyotoka mwezini. Iliyotoka mwezini ilikuwa safi zaidi, na walioiona ikiwa hivyo ni mafundi wachache waliokuwa kwenye vyumba vya mitambo California na Australia.

Nianze na kamera. Hakuna mtu aliyeishika. Ubavuni mwa chombo kilichotua, karibu na ngazi, palikuwa na kabati la vifaa lililokunjwa, na kamera ilikuwa imefungwa ndani yake ikielekea ngazi. Armstrong alipotoka mlangoni na kufika juu ya ngazi, alivuta kipete kilichounganishwa na kamba, kabati likafunguka na kushuka kama lilivyopangwa. Mwenzake, Buzz Aldrin, aliyekuwa bado ndani, akabonyeza sakiti breka ya kamera, umeme ukaingia, na picha ikaanza kwenda. Kamera yenyewe ilitengenezwa na kampuni ya Westinghouse, chini ya mhandisi Stan Lebar, na uzito wake ulikuwa kilo tatu na kidogo, katika zama ambazo kamera ya studio ilihitaji kigari cha kuisukumia. Baadaye Armstrong aliitoa kwenye kabati, akaiweka juu ya stendi ya miguu mitatu mbali kidogo na chombo huku waya wake ukiburuta nyuma, na ndiyo maana sehemu kubwa ya video hiyo inaonyesha watu wawili wakifanya kazi kwa mbali mbele ya kamera isiyosogea. Kamera hiyo ipo mwezini mpaka leo.

Tuje kwenye safari ya picha. Umbali wa kutoka mwezini hadi hapa ni wastani wa kilomita 384,000, na mawimbi ya redio huukata kwa sekunde 1.3 hivi. Umbali peke yake hauzuii kitu, kwa sababu angani hakuna mlima wala ukuta. Tatizo ni nguvu. Mtambo wa kurushia uliokuwa kwenye chombo ulikuwa na nguvu ya wati 20 hivi, ambayo ni kidogo kuliko balbu ya kawaida ya zamani, na antena yake haikufika kipenyo cha mita moja. Mawimbi yakitoka hivyo yanafika duniani yakiwa dhaifu mno, na dawa yake ni kuyakinga kwa ungo mkubwa, yaani antena ya umbo la dishi. NASA walikuwa na ungo wa mita 64 huko Goldstone, katika jangwa la California, na wa mita 26 huko Honeysuckle Creek, karibu na mji wa Canberra. Waliazima pia ungo mwingine wa mita 64 ulioko Parkes, Australia, ambao ulikuwa mali ya shirika la utafiti la nchi hiyo, CSIRO, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kusikiliza nyota.

Sasa ndipo tunapofika kwenye ubovu wa picha, na hapa nitakaa kidogo. Mawimbi yale yaliyotoka kwenye chombo hayakubeba picha tu. Yalibeba sauti za wanaanga, mapigo ya mioyo yao, na vipimo vya hewa, umeme na mitambo yote ya chombo. Vitu hivyo ndivyo vilivyoshikilia uhai wa watu wawili, kwa hiyo vilitengewa nafasi yao katika masafa, na picha ikapewa kilichobaki: kilohezi 500 hivi. Televisheni ya Marekani wakati huo ilihitaji takriban megahezi 4, yaani mara nane ya hapo. Picha ya kawaida isingepita. Kwa hiyo Lebar na wenzake walitengeneza kamera isiyofuata utaratibu wa televisheni yoyote duniani. Ilitoa picha 10 kwa sekunde badala ya 30, zenye mistari 320 badala ya 525, na bila rangi. Rangi walikuwa nayo kwenye chombo kikuu kilichobaki kikizunguka mwezi, ambako kulikuwa na kamera nyingine ya Westinghouse. Ngazini ikabidi iwe nyeusi na nyeupe.

Picha ya namna hiyo haikuweza kuingia kwenye televisheni ya mtu yeyote nyumbani. Ilibidi ibadilishwe palepale kituoni, kwa mtambo maalumu, na leo ukisikia namna mtambo huo ulivyofanya kazi unaweza kushangaa. Picha iliyotoka mwezini ilionyeshwa kwenye kioo kidogo cha kiwango cha juu, kisha kamera ya kawaida ya televisheni ikaelekezwa kwenye kioo hicho, kama mtu anayerekodi mechi kwa simu akiielekeza kwenye televisheni ya sebuleni. Kwa kuwa picha zilikuwa 10 tu kwa sekunde, kila moja ilinakiliwa kwenye diski ya sumaku na kurudiwa mara kadhaa ili kuziba pengo, mpaka televisheni ya kawaida ipate idadi iliyoizoea. Tazama hasara inavyolimbikizana. Kioo kina mwanga wake na mng'aro wake. Kamera inayokitazama ina mrija wa kioo unaonasa picha, nao unakawia kusahau ulichokiona. Diski nayo inaongeza chenga zake. Fundi akikosea kidogo tu kurekebisha mwanga, basi kivuli cha chombo kinameza ngazi nzima, na udongo wa mwezi unakuwa mweupe tupu.

Huko kukawia kwa mirija ndiko kulikozaa lile jambo linalowatisha watu kuliko yote, la Armstrong na Aldrin kuonekana kama vivuli vinavyopitisha mwanga. Mwanaanga akipita mbele ya kitu, kitu kile kilikuwa bado hakijafutika kwenye mrija, hivyo ukakiona kupitia mwili wake. Wenye umri wangu waliowahi kufanya kazi na kamera za mirija studioni wanaujua vizuri mkia wa mwanga uliokuwa ukifuata kila taa inayosogea.

Ubaya wa picha uliongezwa pia na mambo ya dakika zenyewe. Kamera ilikuwa imefungwa juu chini ndani ya kabati, kwa kuwa upande wake wa juu ndio uliokuwa bapa na ungekaa imara wakati chombo kikitikisika. Mafundi walilijua hilo mapema, na kila mtambo wa kubadilishia picha ulikuwa umewekewa swichi ya kuigeuza. Ilipowashwa, Bruce McCandless, aliyekuwa akizungumza na wanaanga kutoka kituo cha NASA cha kuongozea safari huko Houston, Marekani, alimwambia Armstrong kwamba picha imefika, kwamba giza na mwanga vimepishana sana, na kwamba kwa sasa imepinduka. Ukiipata rekodi inayoanza tangu sekunde ya kwanza utaliona hilo: umbo lisiloeleweka, kisha picha inageuka ghafla, kisha ngazi na mguu.

Picha hiyo ya kwanza ilikuwa ya Goldstone. Ungo wao ulikuwa mkubwa na mawimbi waliyoyapokea yalikuwa mazuri, ila mtambo wao wa kubadilishia ulikuwa umerekebishwa vibaya, ngazi ikazama gizani. Houston walikuwa na picha ya Honeysuckle Creek pembeni, ya ungo mdogo zaidi lakini iliyorekebishwa vizuri, wakaichukua. Ndiyo maana wakati Armstrong anakanyaga udongo, dunia ilikuwa ikitazama kupitia ungo wa mita 26 na siyo ile mikubwa. Katika chumba cha Honeysuckle Creek fundi wa picha, Ed von Renouard, alikuwa na kamera yake ndogo ya filamu ya Super 8, akakipiga kile kioo kilichokuwa mbele yake kabla picha haijabadilishwa. Filamu hiyo ya mkononi, pamoja na picha chache za mnato zilizopigwa kwenye vioo vya namna hiyo, ni miongoni mwa vitu vinavyotuonyesha jinsi picha ya kweli ilivyokuwa. Ndani yake kivuli ni kivuli, na kofia ya mwanaanga ina mviringo wake.

Parkes walichelewa kidogo, na sababu yake ni wanaanga wenyewe. Ratiba iliwataka walale kwanza baada ya kutua, lakini waliomba watoke mapema, wakati mwezi haujapanda vya kutosha kwa ungo wa Parkes ambao hauwezi kuinama chini ya nyuzi 30 kutoka upeo. Kuvaa mavazi kukachukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na mwezi ukapata nafasi ya kupanda. Ungo ukiwa umeinamishwa kabisa kuungojea, dharuba mbili za upepo zilizozidi kilomita 110 kwa saa ziliupiga, upepo ambao kwa kanuni ulitaka ungo usimamishwe na kuachwa. Mkurugenzi John Bolton aliendelea na kazi. Zilipokaribia dakika 9 tangu kamera iwashwe, Houston waliipokea picha ya Parkes, wakaona imezishinda zote, na wakabaki nayo kwa muda wote uliosalia wa kutembea kule, ambao kwa jumla ulikuwa saa mbili na nusu.

Mwambie baba yako mkubwa azingatie jambo hili la Australia, kwa kuwa ndilo lenye uzito zaidi kwangu. Ungo wa mita 64 unasikia upande mmoja tu mwembamba wa anga. Ukielekea mwezini unapokea kilichoko mwezini, mwezi ukitua unapoteza mawimbi, na waliouendesha Parkes walikuwa Waaustralia waliozoea kupima vitu vya angani kwa uangalifu mkubwa. Studio iliyofichwa jangwani Marekani isingeweza kuingiza picha ndani ya ungo ule bila wao kugundua kwamba mawimbi yanatoka mahali pasipo mwezi.

Kutoka Sydney, ambako picha za Parkes na Honeysuckle zilikutanishwa na kuchaguliwa, picha ilipanda kwenye satelaiti juu ya Bahari ya Pasifiki, ikashuka California, ikaenda Houston, na kutoka Houston ikagawiwa kwa vituo vya Marekani na vya dunia. Waaustralia walichukua yao palepale Sydney, kwa hiyo waliona sehemu ya sekunde kabla ya wengine. Ulaya, ambako televisheni hutumia mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, ilibidi picha ibadilishwe tena kwa mara ya pili. Watu waliotazama wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 600.

Na sisi je? Chombo kilitua Jumapili tarehe 20 Julai 1969, saa 5:17 usiku kwa saa zetu, na Armstrong akakanyaga udongo Jumatatu saa 11:56 alfajiri. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini kituo cha ardhini cha satelaiti cha Longonot, katika Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970. Kwa hiyo mlango wa kuingizia picha ya moja kwa moja kupitia satelaiti ulikuwa bado haujajengwa, na watu wa huku waliifuata safari hiyo kwa redio na kwa magazeti. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni kabisa, wala haikukipata mpaka miaka ya 1990. Hata hivyo jambo lenyewe halikuwa geni kabisa kwenye pwani yetu. Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, ambavyo ndivyo vya kwanza vya Marekani kubeba watu angani, na kilikuwa kazini John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962. Kilifungwa baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini mitambo ya jamaa moja na ile ya Honeysuckle ilikuwa imeshakaa kwenye ardhi ya Unguja.

Kuhusu picha za mnato zinazong'aa, jibu ni fupi. Zile hazikurushwa kwa mawimbi. Zilipigwa kwa kamera za Hasselblad juu ya filamu pana ya milimita 70, zikarudi duniani ndani ya chombo, zikasafishwa maabara. Filamu haibanwi na kilohezi 500, na kuzilinganisha picha hizo na za televisheni ni kulinganisha vitu viwili vilivyopita njia tofauti kabisa.

Sasa kanda. Hapa baba yako mkubwa amesikia kweli, na mimi sitaki kuipunguza. Vituo vilivyopokea mawimbi viliyarekodi jinsi yalivyofika, pamoja na picha kabla haijabadilishwa, kwenye kanda pana za inchi moja zenye njia 14, zilizokusudiwa vipimo vya chombo. Zilikuwa akiba endapo matangazo ya moja kwa moja yangekatika. Hayakukatika; picha ilifika majumbani, ikanakiliwa kila mahali kwa mfumo wa kawaida, na kila mtu akaona kazi imekwisha. Kanda zikahifadhiwa Maryland. Miaka ya 1970 na 1980 satelaiti za kuchunguza dunia zilitema data nyingi kiasi kwamba kanda za aina ile zikawa adimu, na NASA wakaita za zamani kutoka ghalani, wakazifuta kwa sumaku na kuzitumia tena. Baada ya miaka mitatu ya kuzitafuta, walitangaza mwaka 2009 kwamba, kwa ushahidi wote waliokuwa nao, za safari hii, yaani Apollo 11, zilikuwa miongoni mwa zilizofutwa.

Hilo ni jambo la kusikitisha, na linasikitisha zaidi kwa aliyefanya kazi maktaba ya kanda, kwa kuwa ndiyo tabia iliyotawala vituo vya televisheni karibu vyote wakati huo. Kanda ilikuwa ghali na matangazo yalihesabiwa kuwa kitu cha kupita. BBC, kwa mfano, walitangaza safari hiyo kwa saa nyingi mfululizo, na sehemu kubwa ya kanda za studio yao ya siku zile haipo. Lakini angalia kilichopotea ni nini hasa: ni nakala ile safi, kabla ya kubadilishwa. Matangazo yenyewe hayakupotea hata kidogo. Mwaka huo huo wa 2009 wataalamu walikusanya nakala bora zilizokuwa katika hifadhi za CBS (kampuni ya televisheni ya Marekani), Australia na Houston, wakazipeleka kwa kampuni ya Lowry Digital kusafishwa, na toleo hilo ndilo unalopaswa kumtafutia baba yako mkubwa badala ya ile video ya simu, ambayo huenda imenakiliwa na kubanwa mara nyingi mpaka ukungu wa 1969 umeongezewa ukungu wa leo.

Nakusihi pia umsimulie safari iliyofuata. Novemba 1969 Apollo 12 ilikwenda na kamera ya rangi, na watu walingoja kuona mwezi wenye rangi zake. Mwanaanga Alan Bean alipokuwa akiihamisha kwenda kwenye stendi, ikaelekea jua. Mrija uliungua, na matangazo ya picha kutoka juu ya mwezi yakaishia hapo, zikabaki sauti. Mtu anayeigiza angekuwa na kamera ya pili nyuma ya pazia.

Hilo la mwisho, la kuondoka, linahusu safari nyingine. Video ya chombo kikiruka ni ya Apollo 17, tarehe 14 Desemba 1972. Kuanzia Apollo 15 wanaanga walikuwa na gari dogo, na juu ya gari hilo palikuwa na kamera ya rangi ya kampuni ya RCA na antena yake, vikiongozwa kutoka duniani. Gari liliegeshwa mbali na chombo na kuachwa. Huko Houston mwendeshaji wa kamera hiyo, Ed Fendell, alikuwa na meza yenye vitufe vya kuigeuza kamera, ila kila amri ilichukua zaidi ya sekunde moja kufika, na picha ya matokeo ikachukua muda kama huo kurudi, hivyo kumfuata mtu kwa macho kusingewezekana. Kwa Apollo 15 na 16 chombo kiliponyoka nje ya picha. Kwa Apollo 17 walipiga hesabu mapema ya mwendo wa chombo na umbali wa gari, na Fendell akatuma amri zake kwa kufuata saa na siyo kwa kufuata alichokiona. Kamera ikainuka pamoja na chombo. Baada ya hapo hakukuwa na mtu mwezini, na kamera iliendelea kutuma picha.